Kizimba cha Kajmak

Jumapili, 6 Julai

Jambo hili sijamwambia mtu. Leo mchana nimeingia kwenye kizimba cha mbwa. Mzima mzima, magoti kidevuni. Maelezo ya mtandaoni yanasema mbwa aone kizimba ni chumba chake, si jela, na Kajmak alikuwa amegoma kuingia. Nikaona nimwonyeshe mfano. Nikajikunja humo, nikatabasamu, nikatafuna biskuti yake moja. (Haina chumvi.) Akanitazama kwa huruma, kisha akaenda kula rimoti ya televisheni.

Rimoti imemmaliza Baba. Amesema Jumamosi ni slava, siku ya Mtakatifu Petro, mlinzi wa nyumba yetu, na wageni watajaa. Kikitafunwa kitu kingine kimoja tu kabla wageni hawajaondoka, Kajmak anahamia shambani kwa mjomba, kwenye mnyororo. Nikataka kumjibu kishujaa. Nikasema, "Sawa."

Tangu nimalize shule mwezi uliopita, Kajmak ndiye pekee anayesubiri nimalize sentensi. Haendi popote!

Jumatatu, 7 Julai

Mkakati: kizimba kikae sebuleni, kati ya dirisha na mlango wa roshani, penye hewa. Joto kali, lami ya barabarani inanata. Kajmak ameingia akifuata kipande cha soseji. Ushindi!

Mara Bibi Stojanka akaja mbio, akafunga dirisha, akafunga mlango. Akauliza kama nataka kumuua kiumbe wa Mungu kwa upepo wa kupita. Nikamwambia mbwa ana manyoya. Akasema hata marehemu Babu alikuwa na manyoya, kifua kizima, na upepo ulimwingia hivyo hivyo. (Babu alikufa kwa kisukari. Jaribu kumwambia.)

Kizimba kimehamia kwenye korido, karibu na mlango wa kuingilia. Hakuna dirisha. Hakuna hewa. Bibi ameridhika.

Jumatano, 9 Julai

Nimekutana na Bi Persida wa ghorofa ya chini, amembeba mbwa wake Fifi kama kichanga kinachopelekwa kubatizwa. Akaniuliza mbele ya watu wote wa kwenye lifti, "Eti mmemfunga yule maskini? Kwani kaua?" Akaongeza kwamba Fifi hajawahi kutafuna hata uzi. Nilikuwa na jibu zuri sana. Limenijia baadaye nikiwa bafuni. Nimekiambia kioo.

Kajmak amelia kizimbani tangu nilipoanza kumenya viazi. Bibi akaja akafunika kizimba chote kwa blanketi la sufu, upepo usimwone. Joto hili! Lakini ajabu: gizani mle Kajmak akanyamaza, akalala fofofo. Bibi akanitazama kama mtu aliyeshinda uchaguzi.

Nimemwambia Baba blanketi lilikuwa wazo langu.

Ijumaa, 11 Julai

Bibi ameoka mkate wa slava, wenye ndege wa unga juu yake. Kajmak hakuugusa. Alikuwa kizimbani, chini ya blanketi, kimya.

Halafu amefungua komeo kwa pua, akatoka, akanywa maji, akarudi ndani mwenyewe. Akili ya namna hiyo! Sikuona haja ya kumsumbua Baba kwa habari ndogo.

Jumamosi, 12 Julai



Wageni walianza kuingia adhuhuri. Kila mmoja alivua viatu mlangoni, nikampa ndara za wageni, za kitambaa chembamba, za ndani tu. Wa kwanza alikuwa Kum Milentije, baba yangu wa ubatizo, na viatu vipya vya ngozi laini. Slava haina mwaliko, mtu anakuja tu. Kwa hiyo Bi Persida naye alikuja.

Kajmak, kimya. Mkate ukakatwa, kimya. Supu, nyama, keki, kimya! Kum akauliza mbwa yuko wapi. Baba akasema kwa sauti, "Binti yangu kamfunza. Huyu haendi shambani tena." Bi Persida akainamia keki yake. Nusura nidondoshe sinia kwa furaha.

Kisha Kum akainuka kuondoka. Kiatu cha kulia hakipo. Bi Persida akatafuta vyake. Vyote havipo. Bibi akafunua blanketi.

Kajmak alikuwa amevilalia kama kuku anayeatamia. Alivyokuwa amevisaga!

Baba akabadilika rangi. Kwetu unaweza kukosana na ndugu, hata na serikali, lakini si na kum wako. Akasema mbwa anaondoka kesho alfajiri. Nikafungua kinywa mbele ya wageni wote. Nikasema, "Kum, chukua ndara zangu!" Nikazivua nikampa. Za waridi, zina masikio ya sungura.

Kum akacheka hadi akaegemea ukuta. Akasema viatu vile alinunuliwa na mkewe, vilimbana tangu kanisani, na alikosa tu namna ya kuachana navyo. "Huyu mbwa kaniokoa, mwanangu. Mwakani nisipomkuta hapa, siingii."

Neno la kum halijadiliwi. Baba akameza rakija, pombe yake kali, na hasira zake kwa pamoja. Kajmak anabaki!

Bi Persida ameshuka ngazi na ndara za Bibi, akisema Fifi angekufa kwa aibu.

Jumapili, 13 Julai

Nimetafakari kwa utulivu. Njia yangu imefaulu kabisa. Kajmak alitakiwa kukaa kizimbani kwa amani, akakaa. Maelezo hayasemi popote akae bila viatu. Kesho nitamwendea Bi Persida nijitolee kumfunza Fifi. Nikipata ujasiri.

Leo Kajmak yuko huru, kama zawadi. Hata sijamwangalia wakati naandika, ndivyo ninavyomwamini.

Nimemwangalia. Mguu mmoja wa kiti cha Baba umebaki nusu. Nimekisogeza, upande ule uelekee ukutani, nikautegemeza kwa kamusi. Tunaojua ni mimi, Kajmak na wewe. Yeye hasemi. Na wewe usiseme, tafadhali.