Neno "Ngano" na Asili Niliyolibunia Mimi

Jumatatu, 9 Juni
Maktaba yetu hapa Komarock itafungua chumba cha hadithi za kale Ijumaa. Siku hiyohiyo mkataba wangu wa ukarani unaisha. Leo Bwana Abdiqadir, mkuu wetu, aliuliza neno "ngano" limetoka wapi. Nilijua "hadithi" na "hekaya" ni za Kiarabu. Yeye Kiarabu anakipenda. Nikasema Kiarabu. Akanitazama kwa muda, akaagiza maelezo yangu yaandikwe ubaoni, jina langu chini. Ushindi! Griffins, karani mwenzangu, kanuna.

Jumanne, 10 Juni
Fundi ameshaandika ubao. Ndipo nikafungua kamusi. Haitaji Kiarabu. Mama Nangila wa chai akasema kwao Bungoma nyanyake aliziita hadithi chingano. Waringa, mfagiaji wetu, akadakia kwamba kwao Murang'a hadithi ni rugano, na Wabukusu wa Bungoma wameiga. Wakabishana mpaka chai ikapoa. Mwarabu hakutajwa. Sikula mchana.

Jumatano, 11 Juni
Mpango! Nimemwagia ubao chai, ili uandikwe upya nami nipenyeze ukweli kimyakimya. Rangi ni ya mafuta. Griffins akaupangusa, ukang'aa kuliko jana. Akaniambia nitulie, ameniokolea kazi. Kisha akaupaka vanishi. Mnafiki! Au ni mwema? Sina nafasi ya kulifikiria hilo.

Alhamisi, 12 Juni
Nimeandika barua ya kuungama. Nimeisahihisha mara nne. Ina "endapo" tisa. Nilifika hadi mezani kwa mkuu, nikamwomba kalamu mpya. Akanipa mbili.

Ijumaa, 13 Juni
Wageni walijaa. Mama Nangila aliusoma ubao kwa sauti, akauliza huyo Mwarabu alikuwa wa Bungoma ipi. Vicheko. Bwana Abdiqadir akanivuta kando.
"Kijana, Kiarabu nimekisoma miaka tisa. Neno hilo sijakutana nalo. Nilikuwa nakungoja wewe uje."
Nikatoa barua. Aliisoma yote, pamoja na endapo zake. Akasema neno ni la Kibantu, ndiyo maana Nangila na Waringa wote wanalo. Akaniongezea miezi mitatu kwa sharti moja: nisilolijua, niseme silijui. Nimeapa. Nilikaribia kulia.

Jumatatu, 16 Juni
Mgeni kutoka ofisi za kaunti ameuliza "kitendawili" limetoka wapi. Bwana Abdiqadir alinitazama kwa upole. Nilikikumbuka kiapo, neno kwa neno. Nikavuta pumzi.
Nikasema Kireno.