Mwalimu wa Kupoza Laptop

Leo nimevuliwa nguo mbele ya watu ishirini na wawili. (Tulieni, ni lugha tu. Nguo zangu ninazo. Heshima ndiyo niliyoiacha Kakuma.)

Kwa wasionijua: naitwa Akiru, nafundisha kompyuta hapa Lodwar. Leo naitwa na chuo hiki, kesho na kile, keshokutwa hakuna aliyeniita. Miaka mitatu nimeishi hivyo. Wiki iliyopita kituo kimoja cha mafunzo kule Kakuma kikanipigia simu. Wanatafuta mwalimu wa kudumu. Wa kudumu, mnasikia? Sharti lilikuwa moja tu: niende nifundishe kipindi kimoja, mkuu wa kituo akae nyuma asikilize. Mada nichague mwenyewe.

Nikachagua joto la laptop na jinsi ya kulipunguza.

Si bure. Mwezi mzima sasa nimekuwa kama daktari wa homa. Niliweka kwenye laptop yangu programu ndogo inayoonyesha joto la prosesa. Namba inakaa kwenye kona ya skrini, na tangu siku hiyo sijatulia. Naandika barua: digrii hamsini na mbili. Nafungua video: sabini na moja. Naiweka juu ya godoro: themanini na nane! Naihamishia mezani: inashuka. Naiinua kwa vifuniko vinne vya soda, kimoja kila kona: inashuka tena. Vifuniko vya soda, jamani! Nilifurahi mpaka dada yangu akaniuliza kama nimepata mchumba.

Kwa hivyo haya mambo nayajua. Kazi nyepesi, hamsini hivi ni kawaida. Huku kwetu ongeza kidogo, maana feni haiwezi kuvuta hewa baridi ambayo haipo. Kazi nzito, sabini mpaka themanini na kitu, usiogope. Ikipita tisini na kukaa huko, kuna shida. Ikikaribia mia inajizima yenyewe isije ikajiunguza. Yote yako kichwani. Mkumbuke hilo mnapoendelea kusoma, kwa sababu mimi sikulikumbuka.

Saa kumi na mbili asubuhi binamu yangu, aliyekuwa akipeleka mzigo Lokichoggio, akanibeba kwenye pikapu yake. Nikaogopa vumbi. Nikaivisha laptop leso, juu ya leso nikaongeza shuka, nikaitia kwenye begi na kufunga zipu. Sikuizima. Nilifunga kifuniko tu, nikijua italala. (Haikulala.)

Saa tatu nilikuwa Kakuma. Kipindi changu ni saa tano, nikasema nikae mahali nipitie kazi yangu. Mkabala na kituo kuna duka la Mama Achol, mama wa Sudan Kusini, mrefu, mcheshi, anauza soda na samaki wa kutoka Kalokol. Nikaagiza soda, nikafungua begi.

Jamani, ilikuwa kama nimeshika kikaango cha chapati. Feni inanguruma mpaka mbuzi aliyekuwa mlangoni akageuka kuangalia. Nikafungua kifuniko: tisini na sita!

Niwaambie ukweli wangu? Nilishtuka, lakini pia nilifurahi. Tisini na sita sikuwahi kuiona kwa macho yangu. Nikatoa simu nipige picha. Nikiwa bado natafuta pembe nzuri, skrini ikawa nyeusi. Kimya.

Nikangoja kidogo, nikabonyeza. Ikawaka, ikanguruma, ikafa. Nikabonyeza tena. Ikafa tena. Na somo langu lote liko humo ndani. (Ndiyo, ni mwalimu wa kompyuta. Hapana, sikuwa na nakala. Swali lingine?)

Nikaanza kuipepea kwa kipande cha katoni. Mama Achol akaniangalia kwa huruma.

"Mwalimu, mtoto yako iko mgonjwa?"

"Imepata joto, mama."

"Joto? Lakini friji iko."

Sasa sikilizeni. Najua haifai. Nimesoma kwamba haifai. Lakini kukaniingia swali, na mimi swali likiniingia halitoki mpaka lijibiwe: zitashuka digrii ngapi kwa dakika kumi? Hakuna kitabu kilichoniambia. Nikaifunga vizuri kwa leso. "Dakika kumi tu, mama." Akasongesha samaki wake, akaipa nafasi katikati.

Dakika ya tatu, sauti nyuma yangu ikanisalimu kwa Kiturkana: "Ejok, mwalimu!"

Alikuwa Bwana Ekidor, mkuu wa kituo. Suti kamili, kwenye jua lile. "Umefika mapema, vizuri sana. Wanafunzi wako tayari. Tuanze sasa kabla jua halijakuwa kali."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi." Na kwa heshima zake akaninyang'anya begi anibebee. Akalipima mkononi. "Mbona jepesi?"

"Mimi hupenda kufundisha kwa ubao," nikasema. (Uongo wa kwanza. Hesabuni.)

Nikafundisha kwa ubao. Na wenzangu, nilifundisha! Nikachora laptop, nikachora matundu ya hewa, mishale ya hewa ikiingia na ikitoka. Nikawaeleza kwa nini blanketi ni adui na meza ni rafiki. Watu wanaandika. Bwana Ekidor, pale nyuma, anaandika. Nikaanza kujiona nimeshapewa funguo za nyumba ya mwalimu.

Kisha mwanafunzi mmoja wa mbele akainua mkono. Papa Bahati, Mkongo wa makamo, fundi wa simu.

"Mwalimu, na friji je? Watu mingi wanatiaka telefone mu friji."

Hapo ndipo ningesema ukweli. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Lakini nikamwona Bwana Ekidor ameinua kalamu, anangoja jibu langu.

"Kamwe!" nikasema, chaki juu. "Ukitoa chupa ya soda kwenye friji, si inatoka jasho? Jasho hilo haliishii nje. Linaingia mpaka ndani, kwenye umeme. Ni mtu ambaye hajasoma hata siku moja ndiye anayeweza kutia laptop kwenye friji."

Wakapiga makofi. Nikarudia, kwa faida ya waliokaa nyuma.

Makofi hayajaisha, mlango ukafunguliwa. Mama Achol. Mikononi amebeba kitu kimefungwa kwa leso yangu, kinadondosha maji.

"Mwalimu! Ulisema dakika kumi. Saa moja imepita! Samaki yangu inataka nafasi."

Darasa zima likageuka kuniangalia.

"Hiyo ni... ni ya rafiki," nikasema.

"Rafiki gani?" Mama Achol akashangaa kweli, hakuwa na ubaya. "Si wewe uliniambia? Mimi nilisongesha samaki na mkono yangu."

Akaiweka mezani, akafungua leso. Juu ya kifuniko, katikati kabisa, gamba moja la samaki linang'aa.

Darasa lililipuka. Kuna benchi lilianguka na watu wake, wakaendelea kucheka wakiwa chini. Nilitamani binamu yangu apite na pikapu anipeleke moja kwa moja hadi Nadapal, nivuke mpaka, nianze maisha upya.

Bwana Ekidor hakucheka. Alivua miwani, akaja mbele polepole.

"Mwalimu Akiru, hiyo laptop imetoka jasho?"

"Imetoka, bwana."

"Kwa hivyo yule mtu ambaye hajasoma hata siku moja..."

"Ni mimi, bwana."

Kwa aibu mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye kitufe cha kuwasha. Papa Bahati akaruka. "Hapana! Usiwashe! Utaiua!" Akatoa bisibisi mfukoni. "Mwalimu, unaniruhusu?"

Ningekataa nini tena? Akaigeuza, akafungua skrubu moja moja, akachomoa betri. Watu wote wakaja kuzunguka meza, hakuna aliyekuwa anacheka tena. Kila mtu alitaka kuona. Mimi pia, nakiri, nilisahau aibu nikasukumana nao.

Mbele ya matundu ya feni palikuwa na kitu cha kijivu, kizito, kimeshikana kama kipande cha blanketi. Vumbi, na ndani yake manyoya ya mbuzi.

"Hii haijafunguliwa miaka ngapi?" Papa Bahati akauliza.

"Minne."

"Yee, mwalimu! Haikukuwa na homa. Ulikuwa unaiziba pua."

Mwezi mzima nimeandika namba, nimepanga vifuniko, na sikuwahi kutazama ndani! Akakisafisha kile kifeni kwa brashi, akafuta maji, akavitandaza vyote kwenye kitambaa vikauke. Tukangoja. Maswali yakanimiminikia kuliko nilipokuwa nafundisha. Je, manyoya yanaingiaje? Mbona simu haina feni? Nisiyoyajua nikasema sijui. (Uongo ulikuwa umeniishia.)

Katikati ya maswali Bwana Ekidor akatoka kimya kimya. Akarudi na laptop yake ya ofisini. "Hii nayo hunguruma," akasema, bila kutuangalia. "Mimi huiweka juu ya mto."

Papa Bahati akaifungua. Ndani, pembeni mwa feni, amelala mjusi mdogo, mkavu kama njiti.

Hapo sasa mkuu mwenyewe alicheka. Alicheka mpaka akakaa chini na suti yake.

Saa tisa tukawasha yangu. Watu wameshika pumzi. Ikawaka! Namba ikaja konani: arobaini na nane. Nikafungua video makusudi, darasa zima likahesabu kwa sauti: "Hamsini na tano! Hamsini na nane! Sitini!" Ikasimama pale pale.

Jioni Bwana Ekidor akatuita ofisini, mimi na Papa Bahati. Nafasi nimepata. Ya kudumu! Ila somo la kufungua na kusafisha mashine atalifundisha Papa Bahati, na mimi nimeamriwa kuhudhuria. Kama mwanafunzi. Benchi la mbele.

Sasa mkitaka kucheka, chekeni, sina nguvu ya kuwazuia; ila kwanza kila mmoja wenu ageuze laptop yake na achungulie matundu, ndipo arudi hapa anicheke.