Programu ya Bure na Wenyewe

Jumatatu, 3 Machi
Fundi wetu wa kompyuta, yule binti tunayemwita Miwani, ameleta programu ya kuhesabia magodoro stoo. Eti ya bure! Eti mtu yeyote duniani anaruhusiwa kuitumia, kuifungua, hata kuibadilisha. Mimi si wa kudanganywa kwa pipi. Kuna kitu hapa, tena wakati huu ambapo bosi anatafuta mkuu wa stoo, na anayestahili ni mimi.

Jumanne, 4 Machi
Nimechungulia ndani ya programu. Loo! Ukurasa mzima wa majina ya watu nisiowajua. Nikamuuliza Miwani, kwa upole wa kinafiki, hao ni akina nani. Akasema ndio walioitengeneza, na sharti la leseni yao ni kwamba majina yasifutwe. Watu wahangaike bure, watosheke na kutajwa tu? Wapelelezi hao. Au ndugu zake.

Jumatano, 5 Machi
Nimeyafuta. Yote! Nikaandika langu, herufi kubwa. Bosi akapita, akaliona, akauliza kama programu nimeitengeneza mimi. Sikusema ndiyo. Nilikohoa. Akanipa mkono mbele ya ofisi nzima! Mke wangu keshawapigia dada zake wote simu: mumewe ni mkuu wa stoo.

Ijumaa, 7 Machi
Balaa! Bosi amewaita wateja wetu wakubwa, watu wa hoteli, waje waone maajabu yangu. Kumbe na wao wanaitumia hiyo hiyo, majina yote yakiwemo. Mwanasheria wao akasema tumevunja leseni, na wao hawanunui magodoro kwa wezi. Bosi akanikazia macho. Nikakohoa. Wapi! Miwani akawaomba radhi, akaahidi majina yatarudi Jumatatu, wakakubali. Mbona ananitetea? Ana lake huyu.

Jumatatu, 10 Machi
Si nilisema? Ukuu wa stoo kapewa Miwani! Mke wangu hanisemeshi, na simu za dada zake hapokei. Roho inaniuma kweli. Miwani kaniletea chai, eti nisijali, majina atayarudisha yeye kwa dakika moja. Chai nimeimwagia maua ya dirishani. Majina nimekataa katakata: mtu kama yule, si atachomeka na lake? Nimeyaandika mwenyewe, moja moja, mpaka vidole vikafa ganzi.

Yote yamerudi. Langu liko katikati, herufi ndogo. Nani atajua?