Malalamiko Kuhusu Jirani wa Nafasi Namba 23

Kwa Mkuu wa Kambi,
Hifadhi ya Ziwa Hollin, Michigan.

Ndugu Mkuu,

Nakuandikia nikiwa nimetulia, baada ya kukausha soksi. Kwa miaka kumi na minne nimepiga hema langu nafasi namba 22, karibu na maji, bila kumsumbua mtu. Julai hii ofisi yako ikampa nafasi namba 23 kaka yangu Reino, ambaye sijasema naye kwa miaka tisa, tangu auze mashua ya marehemu baba bila kuniuliza. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kati ya hema lake na langu ni hatua kumi na moja. Nimezipima. Kwa ndugu walionuniana, hazitoshi hata kupeana mgongo vizuri.

2. Jumanne asubuhi alikaanga samaki kwa siagi, vilevile alivyokaanga mama. Upepo wa ziwa ukaniletea harufu yote, nami nina mkate mkavu mkononi. Naomba upepo wenu uelekezwe kwingine.

3. Jumatano, nikiwa bafuni, upepo huohuo uling'oa hema langu. Niliporudi nililikuta limesimama, kamba zimekazwa kuliko nilivyozikaza mimi. Reino alikuwa kitini akitazama maji, kama hajui lolote. Huku ni kuingilia mali ya mtu.

4. Alhamisi mchana ikaja mvua ya radi. Nilibaki hemani kwa heshima zangu, godoro likielea. Reino akafungua zipu ya hema lake, akasema, "Delbert, acha ujinga. Njoo huku, utaugua." Nilikwenda kwa sababu moja tu: kanuni zenu zinatutaka tujikinge na radi. Lawama ni yenu.

5. Humo ndani alinipa kahawa na sweta lake. Nikamuuliza habari za mashua. Akasema, "Sikuiuza, Del. Iliozea mikononi mwangu, nikaichoma. Nilishindwa kukwambia." Hivyo hasira yangu ya miaka tisa imeharibikia kambini kwenu, na sijui niidai kwa nani.

Kwa hayo, naomba Reino apelekwe upande wa pili wa ziwa. Ikishindikana, lihamishwe ziwa.

Wasalimie wote ofisini, na yule mama anayeuza kuni.

Wako mwenye kinyongo halali,
Delbert Kangas

Tanbihi: Tafadhali tuwekee nafasi Julai ijayo, wiki mbili. Nafasi moja inatutosha. Hema la Reino ni kubwa, na hakoromi sana.