Kila Kosa Liliwahi Kuwa Mtindo

Jumatatu, 3 Juni

Leo nimeitangazia familia. Binti wa marehemu kaka yangu anaolewa Jumamosi ya wiki ijayo na gauni lake nitashona mimi. Nimesema mbele ya watu, kwa hiyo hakuna kurudi nyuma.

Wifi yangu, mama wa bibi harusi, aliweka kikombe chini akaniuliza nimeshashona nini mpaka sasa. Nikamjibu kwamba niko darasa la ushonaji tangu Machi. Akasema hilo analijua, yeye ameuliza nimeshona nini. Foronya, nikasema. Mbili. (Moja, kusema kweli. Ya pili haina mdomo. Nilishona pande zote nne.)

Bibi harusi mwenyewe alifurahi. Au alinyamaza kwa furaha. Wifi alikuwa na mpango wa kukodi. Nimekataa katakata. Kaka angekuwepo angemnunulia gauni jipya la dukani, lenye mkia mrefu kama barabara. Hayupo. Nipo mimi, na cherehani ninayo.

Jumatano, 5 Juni

Darasani. Mwalimu anatufundisha historia ya mavazi ya wanawake wa Ulaya, eti mikato tunayokata leo ina mabibi na mababu zake. Wenzangu wanasinzia. Mimi naandika kila kitu. Somo la leo: zaidi ya miaka mia mbili iliyopita, wanawake wa huko walipandisha kiuno cha gauni mpaka chini ya matiti. Baadaye kikashuka tena. Watu wasiotulia.

Jirani yangu wa meza ni Bwana Kipimo. Jina hilo nimempa mimi, darasa zima limelipokea. Ni mpima ardhi mstaafu, na kitambaa anakipima kama anawagawia warithi shamba. Mishono yake imenyooka mpaka inakera. Amejitolea kunisaidia kukata gauni. Nimemshukuru, nikamwambia kazi ya familia ibaki kwenye familia. Lakini mwaliko wa harusi nimempa, aje aone.

Ijumaa, 7 Juni

Nimekata satini. Nyeupe, inateleza kama sabuni. Kifua cha gauni kimetoka kifupi. Kifupi kabisa: kinaishia kwenye mbavu, kiuno hakijafikiwa hata kwa macho. Kitambaa cha kurudia hakipo.

Nilikaa sakafuni nimeshika kichwa. Kisha nikakumbuka somo la Jumatano. Nikainuka, nikanawa uso.

Bibi harusi alipokuja kujaribu nikamweleza kwamba mabibi wakubwa wa Ulaya walivaa hivyo hivyo, kiuno juu. Akajitazama kwenye kioo mbele na nyuma.

"Wao walikusudia, shangazi?"

Nikasema walikusudia.

Jumapili, 9 Juni

Mikono. Mkono wa gauni umekuwa mkubwa kuliko tundu linalotakiwa kuupokea. Wa pili pia, kwa hiyo angalau ni pacha. Ziada yote nimeikunjakunja begani ikasimama kama puto. Nikafungua maandishi yangu. Imo. Karne ya kumi na tisa, mikono ilivimba juu na kubana chini, umbo la paja la kondoo. Nimepona.

Wifi alipita kuangalia kazi. Alizunguka gauni, kisha akauliza kama binti yake anaolewa au anapaa. Nikamwambia mitindo haieleweki na kila mtu. Akasema duka la kukodisha bado liko wazi. Sikumpa hata chai.

Jumanne, 11 Juni

Zipu haifungi. Nilimpima mtoto wa watu akiwa amevuta pumzi ndani, na sasa ametoa.

Darasani nikauliza swali la jumla, kama mtu mwenye kiu ya elimu tu: je, zamani gauni likikataa kufunga, Wazungu walifanyaje? Mwalimu akasema walivaa koseti, vazi la mifupa ya nyangumi lenye kamba, wakakazwa mgongoni mpaka wengine wakazirai. Akaongeza kwamba dawa ya gauni linalobana ni kulifumua na kuanza upya. Nimeandika: kamba.

Wakati wa kutoka Bwana Kipimo akanipa kisu chake kidogo cha kufumulia, kwa upole, kama anayempa mgonjwa dawa. Nikamrudishia. Simhitaji mtu anayekuja na zana za kubomoa.

Alhamisi, 13 Juni

Sketi imenyauka. Nimeining'iniza imelala kama pazia la hospitali. Hakuna bibi harusi hapo.

Lakini elimu haiozi kichwani mwangu. Kuna enzi wanawake wa Ulaya walivaa ngome ya pete za chuma chini ya sketi ili isimame. Chuma sina. Nimekwenda kwa fundi bomba, nikanunua bomba jembamba la plastiki, nikatengeneza pete tano, ndogo juu, kubwa chini, nikaziunganisha kwa utepe. Fundi aliuliza maji yanaelekea wapi. Nikamwambia yanaelekea kwenye harusi.

Nikavisha sketi juu yake. Ikafunguka. Chumba kizima kikawa cheupe. Nilirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta, nikalia kidogo. Kaka alikuwa na tabia ya kuegemea mlango akitazama kitu kizuri, haingii, hasemi. Leo ningependa aegemee ule mlango.

Baadaye nikagundua gauni halipiti mlangoni humo. Nimelitolea dirishani.

Jumamosi, 15 Juni

Naandika nikiwa nimevua viatu. Nitasema yote.

Asubuhi nyumbani kwa wifi tulimvisha bibi harusi. Kamba za mgongoni, nilizoweka badala ya zipu, nilikaza mimi. Alipendeza mno akiwa amesimama katikati ya chumba bila kufanya chochote. Kisha akataka kutoka. Mlangoni tulimpitisha kiubavu, tumeinamisha pete upande mmoja kama watu wanaohamisha kabati. Uani akaletewa kiti. Akakaa, na sketi yote ya mbele ikainuka mpaka usoni. Mashangazi wa upande wa bwana harusi wakaona magoti na zaidi ya magoti. Tukajaribu gari. Dereva alizunguka gari lake, akapendekeza pikapu.

Bibi harusi akasimama uani, puto mbili mabegani, akipumua juu juu. Hakuwa na hasira. Heri angekuwa nayo.

"Shangazi," akaniambia polepole, "nataka kukaa. Leo siku yangu, nataka nikae."

Nikaanza kulia. Wifi akanishika mkono.

"Usililie kwenye satini," akasema, "inaacha alama."

Akauliza nani hapa anajua kufumua. Bwana Kipimo alikuwa ameshafika, yeye kila mahali hufika kabla ya viti. Kile kisu kidogo kilikuwa kwenye mfuko wa shati lake la harusi. Sikumuuliza kwa nini.

Tukakaa watu watatu ukingoni mwa kitanda, gauni limelala mapajani mwetu. Bwana Kipimo akang'oa mikono, akaikata upya midogo. Masalio yake akayafanya vipande viwili vya ubavuni ili mtoto apumue. Wifi akashona kwa mkono. Kumbe anajua kushona. Miaka yote hii hakuwahi kusema, na mimi sikuwahi kuuliza. Mimi nilipewa kazi ya kushika pindo lisiguse sakafu. Nililishika vizuri.

Bomba lilitupwa nje. Bwana Kipimo hakusema neno moja kuhusu vipimo. Wifi akasimulia kaka alivyowahi kumtengenezea kabati la vyombo bila kupima ukuta, likaziba dirisha, na kaka akashikilia kwamba jikoni kunapendeza kukiwa na kivuli. Walipika gizani mwaka mzima.

"Nyinyi mmetoka tumbo moja," akasema, na uzi ukiwa mdomoni akacheka mpaka akashindwa kutunga sindano. Nami nikacheka. Hatukuwahi kucheka pamoja tangu msiba.

Kiuno cha juu kilibaki, maana kitambaa cha kukishusha hakikuwepo. Sketi ikateremka moja kwa moja mpaka chini, laini, bila kelele. Alipovaa, mama yake aligeuka akajifanya anatafuta mkasi.

Ameolewa. Alikaa kila alipopata kiti, na alicheza pale asipokaa. Ukumbini mashangazi wa upande ule walimuuliza gauni kashona nani. Nilikuwa nyuma yake, nikasikia. Akasema, "Shangazi yangu." Wifi alikuwa pale pale na hakusahihisha.

Jumatatu, 17 Juni

Darasani picha za harusi zimezunguka meza zote. Mwalimu ameitazama moja kwa muda mrefu, akasema kile kiuno cha juu kimemkaa bibi harusi vizuri kuliko chochote, ni nani aliyekikata? Nikasema mimi. Ni kweli tupu. Bwana Kipimo alikohoa, basi.

Nimefikiri sana tangu jana kuhusu kilichoharibika, na nimekipata. Ni satini. Ile nguo inateleza, haifai. Tena mavazi ya kike yana mambo mengi mno: kifua, kiuno, puto. Suti ya mwanamume ni mistari tu.

Kwa hiyo nimeamua kumshonea Bwana Kipimo suti ya shukrani. Nilipomwambia alisema hapana asante, suti anazo. Unyenyekevu. Itakuwa ya kumshtukiza. Kumpima nisingeweza bila kumfungua macho, kwa hiyo nimemkadiria akiwa amekaa. Kitambaa nimekata jioni hii. Mguu mmoja wa suruali umetoka mfupi kidogo kuliko mwenzake, ila sina wasiwasi. Mwalimu hajaanza historia ya wanaume. Lazima kuna mahali waliwahi kuvaa hivyo.