Shemeji na Wanga Wake

Jumatatu, 2 Juni
Mbio za kiwanda chetu cha magodoro ni Jumamosi. Kila mwaka shemeji yangu, wa idara ya ushonaji, anashinda, na binti yangu anapiga kelele mpaka sauti inakauka: mjomba, mjomba! Mimi baba yake natoka jasho bure. Mwaka huu atanishangilia mimi. Nimeapa!

Na leo siri imefichuka. Nimemsikia shemeji akimwambia muuguzi wa kiwanda kwamba bila wanga hafiki popote. Muuguzi akamjibu aongeze wanga siku ya kuamkia mbio. Wanga! Wachawi! Na serikali inamlipa mshahara? Hapana, kiwanda. Mbaya zaidi!

Jumanne, 3 Juni
Nimeshtaki kwa msimamizi. Muuguzi amecheka mpaka akakaa chini. Anadai wanga ni chakula: wali, viazi, mkate, ndizi. Eti tumbo linakigeuza sukari, misuli inaichoma unapokimbia, na inayobaki inawekwa akiba kwenye ini na kwenye misuli yenyewe. Mafuta ya mwili nayo yanaungua, ila polepole.

Nikamuuliza kama kweli wanga wanakaa kwenye ini la mtu. Akasema ndiyo, unakaa. Amekiri mbele ya msimamizi! Na hiyo “unakaa” badala ya “wanakaa” ni sarufi ya kuficha ushahidi.

Idara nzima sasa inaniita Mganga. Waite tu.

Jumatano, 4 Juni
Ini langu halipangishwi. Nimekataa wali. Mke wangu kaniuliza kama nimegombana na sufuria. Nimekula mayai na nyama, nyama na mayai. Shemeji, aliyekuja kusalimia, kala sahani yangu pia. Hana haya!

Alhamisi, 5 Juni
Mazoezi. Mzunguko wa kwanza wa kiwanda, moto! Wa pili, miguu imegoma kabisa. Muuguzi kanikuta nimelala juu ya godoro la mteja. Kasema nyama inajenga mwili, lakini mbio zinataka wanga, na akiba yangu imekwisha. Nimemwambia sidanganyiki ng'o.

Jumamosi, 7 Juni
Asubuhi shemeji kala mkate na ndizi mbele yangu, kwa makusudi. Filimbi ikalia. Nikaongoza! Idara yangu ya kukata sponji ilinililia kwa furaha. Kisha dunia ikaanza kuzunguka kuliko mimi. Wakanipita wote, hata mpishi wa kantini.

Shemeji alimaliza, akaoga, akavaa. Mimi bado niko nyuma ya ghala, najikokota. Watu wakaanza kukunja viti. Nilitaka kulia, nasema kweli.

Ghafla sauti: Baba, twende! Baba! Binti yangu huyo, mbio. Akanishika mkono, akanipa ndizi. Nikaila. Tukafika pamoja. Hakunyamaza hata kidogo, na jina lilikuwa langu tu.

Jumapili, 8 Juni
Sauti ya mwanangu imekauka. Kwa ajili yangu! Mjomba wake anashangiliwa dakika chache tu, maana anafika upesi, maskini. Kumbe kukataa wanga kunalipa. Mwakani naacha na mayai.

Muuguzi kapita kunijulia hali. Kasema ile ndizi ndiyo iliyonifikisha, kwa sababu ni wanga mtupu.

Wamo ndani! Tangu aondoke ini linanicheza. Nimemtuma mke wangu aniletee chumvi ya kuwafukuzia.