Masikio ya Meja

Jumapili, tarehe 4

Sikubali tena kuitwa mgeni. Mwezi wa pili sasa tangu harusi! Mume wangu anafundisha watoto katika shule ya kupanda farasi, nami nimeamua kujifunza kuwapiga picha, watoto na farasi wao, ili nisishinde nyumbani nikimkumbuka tangu asubuhi. Kamera nimeazima kwa mjomba. Leo nimebonyeza mpaka kidole kikafa ganzi. Jioni tukazitazama pamoja. Farasi wasio na vichwa. Watoto walioishia kiunoni. Lakini mume wangu katokea vizuri katika zote! Mabega yale! Akauliza taratibu kama kuna farasi mzima hata mmoja. Ana utani huyu.

Jumatatu, tarehe 5

Habari kubwa! Mkuu wa shule anataka picha moja ya kuweka kwenye bango la langoni. Itachaguliwa kati ya zile za mashindano ya watoto, Jumamosi. Wifi yangu, dada wa mume wangu anayetunza mabanda, ndiye mpiga picha wa shule miaka yote. Kwa simu! Tena yenye ufa. Kanipa pole mapema. Eti, "Bibi harusi, farasi si keki, hakungoji ukate." Wakacheka wote, hata mume wangu kidogo, kisha akakohoa.

Bango hilo nitalipata. Kila apitaye langoni ajue mke wa mwalimu ni nani.

Jumatano, tarehe 7

Laazizi wangu kanifunulia siri. Uzuri wa farasi pichani ni masikio. Yakilala nyuma, mnyama anaonekana kanuna. Yakisimama, ni mfalme. Nikauliza yanasimamishwaje. Akasema unatikisa ndoo yenye pumba, farasi anasikia chakula, masikio juu. Akaendelea kueleza ni wakati gani hasa, lakini nilikuwa natazama midomo yake.

Nikaenda kujaribu bandani. Chaka-chaka! Masikio ya Meja, yule farasi mweupe, yakasimama wima. Picha safi! Wifi yumo pia, anazoa samadi, ila kwa mbali. Akaniambia nirudishe ndoo ya watu, na nisithubutu kuileta kiwanjani farasi wakiwa mbioni. Wivu huo.

Ijumaa, tarehe 9

Nimempiga picha Kokwa akifanya mazoezi. Ni binti mdogo kuliko tandiko lake, ndiyo maana wakamwita hivyo. Mwaka jana Meja alimgomea kwenye kiunzi cha mwisho cha kuruka, mtoto wa watu akatoka na machozi. Mwaka huu amejifua mvua na jua. Nikamwahidi picha ya kufa mtu. Akaniambia, "Sawa Anti, ila usitusemeshe tukiwa tunaruka." Adabu yake! Sitamsemesha. Wala sina haja ya kusema.

Jumamosi, tarehe 10

Nimevaa gauni la siku ya pili ya harusi. Mume wangu aliponiona kasahau jina la mtoto aliyekuwa anamtangaza.

Zamu ya Kokwa. Kiunzi cha kwanza, hewani! Cha pili, hewani! Wazazi wamesimama. Nikapiga goti kando ya kiunzi cha mwisho, nikainua kamera. Meja anakuja shoti, masikio yamelala. Yamelala! Bango langu! Nikavuta ndoo kutoka chini ya gauni nikaitikisa kwa nguvu zangu zote.

Yalisimama. Haki ya Mungu yalisimama. Meja naye akapinda kona, akaacha kiunzi kama hakukiona, akaja moja kwa moja kutia kichwa ndooni. Nikaenda chali. Kokwa alining'inia shingoni mwake akipiga kelele, "Anti! Anti jamani! Nilikuwa naongoza!"

Hakuumia. Ila katoka wa mwisho, na hajaniamkia. Mume wangu kanifuta pumba nyusini. Mikono yake laini hivyo! Nikamwomba Kokwa radhi. Akasema atafikiria. Nikatazama kamera: kifuniko cha lenzi hakikutoka tangu asubuhi.

Jumanne, tarehe 13

Bango limepanda! Ni picha ya wifi. Alibonyeza dakika ileile: Meja mdomo ndani ya ndoo, masikio juu kama ya mfalme, Kokwa kinywa wazi, na chini kabisa mimi, gauni, miguu na kamera hewani. Mkuu kasema hajawahi kuona picha inayowachekesha wazazi hivyo. Kokwa naye kaitazama mara mbili, akacheka bila kupenda, akasema mwakani atafunga Meja pamba masikioni.

Nimesimama langoni mpaka jua limezama. Nimo! Ukubwa wa mlango! Wifi kabonyeza tu. Masikio ni kazi yangu. Hata yeye kanikumbatia na kuniita "wifi yangu" mbele ya watu, mara ya kwanza. Mkuu naye kaniomba nisionekane tena karibu na uzio wa kiwanja. Nimemwelewa. Ukishafika kiwango fulani, shule moja haikutoshi.

Mume wangu kasema kule ng'ambo ya mto kuna shule nyingine ya farasi, kubwa zaidi, na bado hawajasikia habari zangu. Nimewapigia simu leoleo. Nimewaahidi kwamba kabla mwezi haujaisha nitawatembelea.